Panda: kompyuta ya zamani ndani ya gari, kazi inaanza na umeme

LIKASI – Gari iliyonunuliwa Japani ikifika Likasi, kisha kupita bandari ya Dar es Salaam na barabara ya Zambia, mara nyingi kitu cha kwanza kinachomkasirisha mwenye gari ni redio yake. Kioo kinawaka vizuri, lakini maandishi ni ya Kijapani. Kinaomba kadi ya ramani iliyobaki kule kule, au kinaonyesha ramani ya Tokyo na Osaka. Na shofa akitafuta kituo cha hapa kwetu, namba zinaishia 90. Kwa miaka mingi redio ya FM ya Japani ilipangwa kati ya megahezi 76 na 90, lakini Kongo inatumia 87.5 mpaka 108. Ni kusema, sehemu kubwa ya vituo vya hapa haisikiki kabisa kwenye redio ile.

Wakati huo huo, katika nyumba nyingi kuna laptopu ya zamani imelala juu ya kabati. Batri yake haishiki tena, kifuniko kimepasuka kidogo, lakini ukiichomeka inawaka. Wazo linakuja lenyewe: kwa nini isiingie ndani ya gari, ipige muziki, ionyeshe ramani, isome magonjwa ya motere?

Wazo hili si geni. Mwaka 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ilitoa ubao mdogo wa kompyuta uitwao Mini-ITX, wa sentimita 17 kwa 17, na wapenzi wa gari Ulaya na Marekani wakaanza kuufunga chini ya viti na nyuma ya dashibodi. Wengine walitumia laptopu tu, kwa sababu ni ndogo na haili umeme mwingi. Panda nayo si mahali pa kuogopa kazi ya mikono. Komine hii inajulikana kwa karakana kuu za Gécamines, Ateliers centraux de Panda, ambamo vipuri vya migodi na viwanda vilitengenezwa na kukarabatiwa. Kufufua kitu kilichochoka ni jambo la kawaida huku.

Lakini kazi hii ina mtego. Wengi wanaanza na kioo: kitakaa wapi, kitaonekana vipi. Kumbe kinachoamua kama gari itapata msaada au itapata moto ni waya mbili zinazotoka kwenye batri.

Kwa nini kompyuta, si simu?

Swali hili liulizwe kwanza, kwa sababu linaweza kumwokolea mtu pesa. Kama shofa anataka muziki na ramani peke yake, simu inatosha. Simu ina GPS ndani yake, laptopu nyingi hazina. Simu inachaji kwa wati 10 hivi, chaja ya laptopu inaandikwa wati 65 au 90. Simu inaingia mfukoni shofa akishuka, laptopu inabaki ikimwita mwizi.

Laptopu inapata maana pale ambapo kuna kazi inayoishinda simu. Kazi ya kwanza ni ya garaji: kuunganisha kompyuta na gari, kusoma makosa ya motere na kuyahifadhi kwa kila mteja. Ya pili ni ya ofisi. Wale wanaofanya secrétariat public, kuandika barua, sivii na maombi ya kazi, wanajua hasara ya siku ambayo umeme wa SNEL unakatika toka asubuhi. Gari yenye kompyuta iliyofungwa vizuri inaweza kuendelea kuandika. Ya tatu ni ya wale wanaosafiri kila juma kwenye barabara ya taifa nambari 1, kilomita karibu 120 kwenda Lubumbashi ao zaidi ya hapo kwenda Kolwezi, wakiwa na hesabu za mizigo, bili na picha za kutuma.

Asiye na kazi moja kati ya hizo, laptopu yake iendelee kupumzika kabatini.

Umeme kwanza

Tuseme mteja anafika kwa fundi wa umeme wa gari na laptopu chini ya kwapa.

– Fundi, unifungie hii hapa mbele, karibu na redio.

– Papa, kwanza nionyeshe chaja yake. Na tupime batri ya gari.

Fundi anayejibu hivyo anajua kazi. Batri ya gari ndogo inatoa volti 12, na motere ikizunguka altaneta inapandisha mpaka 13.5 ao 14.5. Laptopu nyingi zinaomba volti 19 ao 20. Kwa hiyo umeme lazima upandishwe, na kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni kifaa kinachogeuza volti 12 kuwa 220, kile mafundi wanaita convertisseur, halafu chaja ya kawaida ya laptopu inachomekwa humo. Ni rahisi, lakini umeme unabadilishwa mara mbili: unapandishwa mpaka 220, kisha unateremshwa tena mpaka 19. Kila mara sehemu yake inapotea kama joto. Njia ya pili ni kipandisha volti kidogo kinachotoka 12 na kwenda 19 moja kwa moja. Hiki kinapoteza kidogo zaidi na kinachukua nafasi ndogo. Vingine vina skrubu ya kurekebisha volti. Hapo sheria ni moja: pima kwa mashini ya kupimia, rekebisha mpaka 19, ndipo uunganishe laptopu. Anayeunganisha kwanza na kupima baadaye anaweza kuunguza ubao mama kwa sekunde moja.

Kuna jambo dogo la kuangalia. Laptopu za Dell, kwa mfano, zinatafuta ishara kutoka kwa chaja yao. Zisipoiona, zinaweza kuwaka lakini zikakataa kuchaji batri na kupunguza mwendo wa kazi. Pale ni heri kutafuta chaja ya gari iliyotengenezwa kwa aina ile.

Sasa hesabu. Wati 65 kugawa kwa volti 12 ni ampea 5.4. Ukiongeza kinachopotea njiani, ni karibu ampea 6. Laptopu ikifanya kazi nyepesi inaweza kula wati 20 ao 30 tu, lakini waya inachaguliwa kwa kiwango cha juu. Batri ya gari ya ampea-saa 45 haifai kumalizwa. Ukitumia nusu yake, yaani 22 hivi, kompyuta inayovuta ampea 6 itaimaliza nusu hiyo kwa muda usiofika saa nne, motere ikiwa imezimwa. Na kama batri yenyewe imezeeka, itakuwa haraka zaidi. Mtu aliyesahau kompyuta ikiwaka usiku atatafuta watoto wa jirani wa kusukuma gari asubuhi.

Dawa yake ni rele. Waya kubwa inatoka kwenye batri, lakini inapita kwenye rele ambayo inafunguliwa na ufunguo wa gari. Ufunguo ukitolewa, umeme wa kompyuta unakatika. Hata hivyo, laptopu izimwe kwa utaratibu kabla ya kutoa ufunguo, kwa sababu kukata umeme kwa ghafla kunaweza kuharibu mafaili yaliyokuwa yakiandikwa.

Kuhusu waya yenyewe, mambo matatu hayana mjadala. La kwanza ni fyuzi, ile tunayoita kwa Kifaransa fusible. Iwekwe karibu sana na batri, si mwisho wa waya karibu na kompyuta. Fyuzi hailindi laptopu, inalinda waya. Waya ikikatwa ngozi na bati la gari mahali popote baada ya fyuzi, fyuzi inaungua na mambo yanaishia hapo. Ikikatwa kabla ya fyuzi, hakuna kinachozuia: batri ya gari inaweza kutoa ampea mamia, ngozi ya plastiki inayeyuka, na moto unaanza chini ya dashibodi ambako mkono haufiki. Kwa kompyuta ya wati 65, fyuzi ya ampea 10 inatosha, na waya ya shaba ya milimita 2.5 za mraba inaibeba vizuri.

La pili, pale waya inapotoka upande wa motere na kuingia ndani, ipite kwenye mpira wa kuilinda. Ukingo wa bati ni kama kisu, na mtetemo wa barabara unafanya kazi ya kukata kila siku. La tatu, usiunge waya kwa kuzisokota na kufunga mfuko wa plastiki. Ziungwe kwa risasi ao kwa viungo vya kubana, kisha zifungwe na utepe wa umeme.

Tundu la kuwashia sigara linavutia, kwa sababu liko tayari. Kwa kawaida fyuzi yake ni ya ampea 10 ao 15, kwa hiyo laptopu ndogo inaweza kutumia. Lakini chomeko linalegea, linapata joto, na kwenye mashimo linakata na kurudisha umeme. Kwa jaribio la siku moja ni sawa. Kwa kazi ya kila siku, ni heri waya yake peke yake.

Jambo moja linawashangaza wengi: kompyuta inazima kila mara gari inapowashwa. Si ugonjwa. Staata ikizungusha motere, volti za batri zinashuka mpaka 10 ao chini zaidi, na gari nyingi zinakata kwa muda umeme wa redio. Laptopu isiyo na batri yake haiwezi kuvumilia pengo hilo. Washa motere kwanza, kompyuta baadaye.

Batri iliyovimba na kobalti ya hapa

Laptopu ya zamani mara nyingi inakuja na batri ya zamani. Kabla ya kuingiza mashini ndani ya gari, batri hiyo iangaliwe. Kama kibodi imeinuka katikati, ao kifuniko cha chini hakikai tena sawa, batri imevimba. Iondolewe. Isitobolewe, isikunjwe, isichajiwe tena. Laptopu nyingi zinafanya kazi bila batri, ikiwa umeme wa nje upo.

Hata batri nzuri haipendi gari. Batri za lityumu zinapangwa kuchajiwa katika joto lisilopita digri 45 hivi. Gari iliyoachwa juani, madirisha yamefungwa, inaweza kupanda digri 20 juu ya hewa ya nje ndani ya saa moja, na dashibodi inapanda zaidi. Mwezi wa 10, kabla ya mvua kushika, kila mkaaji wa Likasi anajua usukani unavyochoma mikono. Kwa hiyo, kama gari inalala nje mchana kutwa, kompyuta ikae bila batri, ao itolewe na kubebwa.

Batri hiyo iliyotolewa isitupwe kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba. Ikipondwa ao ikichomwa na takataka nyingine, inaweza kuwaka kwa nguvu na kutoa moshi wa sumu. Funika ncha zake kwa utepe, iweke ndani ya chombo kikavu, mbali na watoto, mpaka apatikane mtu anayekusanya batri za namna hiyo.

Kwa wakaaji wa Likasi, kipande hicho kina maana nyingine. Sony ilianza kuuza batri za lityumu mwaka 1991, na upande mmoja wa batri zile ulikuwa wa oksidi ya kobalti. Batri nyingi za laptopu zilifuata njia hiyo. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na inatoka katika ardhi hii ya Haut-Katanga na Lualaba. Madini yanatoka hapa kama udongo na mifuko, yanazunguka Asia, yanarudi yakiwa laptopu ya occasion d'Europe, na mwisho yanalala kabatini Panda.

Mashimo na vumbi

Barabara ni adui wa pili baada ya umeme. Laptopu za zamani zina diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusoma kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Shimo moja nyuma ya lori la madini linaweza kukigongesha. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka ndani. Ni badiliko la kwanza la kufanya, na linaifanya mashini ya zamani kuwaka haraka zaidi.

Vumbi jekundu la kiangazi linaziba feni. Kompyuta isifungwe ndani ya sanduku lisilo na hewa, wala isilazwe juu ya kapeti iliyoziba matundu yake ya chini. Mahali pazuri ni chini ya kiti cha abiria ao kati ya viti viwili, juu ya ubao wenye mpira laini, na mkanda wa kuishika. Kila baada ya miezi michache ifunguliwe na feni ipulizwe.

Isiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa wa abiria, ile airbag. Mfuko ule unafunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kitu chochote kilicho mbele yake kinarushwa usoni mwa mtu.

Programu zisizoomba intaneti

Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Kwa mashini yenye RAM ya GB 4 ao chini, Linux nyepesi kama Lubuntu ao Linux Mint ya Xfce inatosha, na haiuzwi.

Kwa ramani, kuna OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo inachorwa na watu wenyewe. Ramani ya Kongo inapakuliwa mara moja mahali penye intaneti nzuri, kisha programu kama Navit inaisoma bila mtandao. Kipokezi kidogo cha GPS cha kuchomeka kwenye USB kinaikamilisha. Na kama avenue fulani ya Panda haimo, mkaaji yeyote anaweza kuiongeza, na jina lake likabaki kwa wote.

Sauti inatoka kwenye tundu la kusikilizia na kuingia kwenye AUX ya redio. Kama redio ya Kijapani haina AUX, kirushia FM kidogo kinaweza kuwekwa kwenye 88 ao 89, ambako redio ile inafika. Kama mlio unasikika na kupanda kadiri motere inavyozunguka, si spika mbovu: umeme wa chaja na waya ya sauti vimefanya mzunguko. Kuna kifaa kidogo cha kutenganisha kinachowekwa kwenye waya ya sauti, na mlio unakwisha.

Kwa garaji, faida kubwa iko kwenye tundu lenye pini 16 chini ya usukani, OBD. Kiunganishi cha ELM327 kinaongea na kompyuta ya gari na kuleta namba za makosa. P0301 inasema silinda ya kwanza inakosa kuwaka. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Namba hizo zinaonyesha mahali pa kutafuta, haziamuru kipuri cha kununua. P0171 inaweza kuwa sensa, lakini inaweza pia kuwa bomba la hewa lililopasuka, ambalo linatengenezwa kwa pesa kidogo. Fundi anayesoma namba na kubadilisha sensa palepale anamlipisha mteja bure. Tena, baadhi ya gari za zamani zilizoundwa kwa soko la Japani zina tundu la umbo lile lile lakini hazijibu lugha ya kawaida ya ELM327. Jaribu kwanza kabla ya kuahidi.

Na kwa wale wa secrétariat public, tahadhari: mashini ya kuchapisha ya laser inaweza kuvuta wati mamia kadhaa inapopasha joto. Hiyo si kazi ya waya ya kompyuta. Mashini ndogo ya wino inaweza kuvumiliwa, ya laser ingojee umeme wa nyumbani.

Macho barabarani

Kanuni ya barabara ya Kongo, sheria nambari 78-022, ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Iliandikwa wakati ambapo hakuna aliyewaza kioo cha kompyuta mbele ya shofa. Lakini hatari haihitaji kifungu. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari inapita karibu mita 17 kila sekunde. Kutazama kioo kwa sekunde mbili ni kuendesha mita 33 bila macho. Kwenye barabara wanayopita wanafunzi, wanaosukuma baiskeli za makaa na malori, mita 33 ni nyingi mno.

Kwa hiyo kioo kisizibe dirisha la mbele, kisipige filamu gari ikitembea, na njia ipangwe kabla ya kuondoka. Katika gari yenye usukani wa kuume, ambamo shofa tayari anapata shida ya kuona anapotaka kupita lori, kitu cha ziada katikati kinaongeza upofu.

Aliyefikia hapa na bado anaitaka, ana orodha fupi ya kumpa fundi wake: fyuzi karibu na batri, rele kwenye ufunguo, volti zimepimwa, batri ya zamani imetolewa, diski imebadilishwa, mashini imefungwa chini. Fundi akimaliza, mwenye gari afanye jaribio moja kabla ya kulipa: motere izunguke nusu saa, kompyuta ikiwaka, kisha aguse waya kwa mkono kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ikiwa mahali fulani ni pa moto, kazi haijakwisha.